Mkanda wa darubini uliomshtua palahala

Palahala dume alikuwa amesimama nyuma ya mninga, pembe zimejikunja kuelekea mgongoni, upepo mwembamba unatujia usoni. Mzee wetu wa nyayo akashusha kiganja: tulieni. Mgeni akatulia. Askari wa wanyamapori akatulia. Mimi nikapeleka mkono kifuani kufungua mfuko wa darubini.

Chraaa.

Ilikuwa velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua. Dukani, kwenye kelele za watu, hata huisikii. Saa moja asubuhi ndani ya miombo, ilitosha. Palahala aliinua kichwa, akatukazia macho, akapuliza pua mara moja, akageuka na kupotea. Mzee hakusema kitu. Alinitazama kifuani, akatazama chini kwenye nyayo, akaendelea na kazi.

Mfuko ule niliachiwa na mgeni wa safari iliyotangulia. Waliowahi kufanya kazi kwenye kambi za uwindaji wanajua siku ya mwisho inavyokuwa: mgeni anamwaga begi lake mezani, viatu kwa huyu, kisu kwa yule, tochi kwa mpishi. Mimi nikaangukiwa na mikanda ya darubini, mipana, yenye sponji mabegani, pamoja na mfuko mgumu wa kukaa kifuani. Kitu cha bei. Wenzangu walinionea wivu.

Tangu asubuhi ile jambo hili halijanitoka. Wiki zinapita, msimu unasonga, na kila nikiingia hemani naiona mikanda ile imening'inia kwenye nguzo, nami najiuliza: hivi inayofaa ni ipi hasa?

## Shingo ndiyo huanza kulalamika

Kila mtu huanzia shingoni. Darubini inakuja na mkanda wake ndani ya boksi, unauvaa, unaingia porini. Yangu ni ya 10x42, yaani inakuza mara 10 na vioo vyake vya mbele vina kipenyo cha milimita 42. Kama nyingi za saizi hiyo, uzito wake ni karibu gramu 700. Ukiishika mkononi dukani unaona si kitu. Iache ining'inie kifuani tangu alfajiri, tembea, inama, shuka makorongo, ruka magogo, na ikifika saa sita mchana misuli inayotoka shingoni kwenda mabegani imekaza, na kichwa kimeanza kuuma kwa nyuma.

Tena haitulii. Ukitembea inapiga kifua, ukiinama inaning'inia mbele na kugonga bunduki, na chuma kikigonga chuma porini kila mwenye masikio anajua kuna watu.

Kuna namna za kujitetea, na nadhani wote tumezipitia. Kuishika kwa mkono mmoja muda wote, basi una mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Kuitumbukiza ndani ya shati, ikatoka na ukungu wa jasho kwenye vioo. Kuivaa kwa kupitisha mkanda begani hadi kwapani, mtindo wa mkoba wa shule. Huu wa mwisho si mbaya mkiwa ndani ya gari. Ukipiga magoti tu, inazunguka na kukujia tumboni.

Kwa hiyo suala la uzito nalipita haraka. Mikanda yoyote inayotoa mzigo shingoni na kuugawa mabegani na mgongoni itakupunguzia maumivu, hata ile ya bei ya chini kabisa. Wauzaji wakishafika hapo wanaridhika. Mimi hapo ndipo maswali yangu yalipoanzia.

(Wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, msiondoke. Anayeongoza watalii wa ndege kutwa nzima ana shingo ileile.)

## Darubini ya karibu

Mgeni anayekuja Rungwa, pori letu hapa Tanzania, kwa mara ya kwanza huuliza: kama humu kichakani hatuoni zaidi ya hatua 80, darubini ya nini?

Jibu liko kwenye gurudumu la katikati. Kwa macho matupu, kichaka ni ukuta wa majani. Inua darubini, zungusha gurudumu taratibu, majani ya mbele yanayeyuka na kubaki ukungu wa kijani, na nyuma yake kinatokea kitu. Nusu ya sikio. Unazungusha tena kidogo: ncha ya pua, imelowa. Kisha mstari mweusi wa mgongo, ambao sekunde chache zilizopita ungeapa ni kivuli cha gogo.

Mzee huwa ameshajua kuna nyati pale. Amejua kwa harufu, kwa mlio wa wale ndege wala kupe, kwa mavi ambayo bado yana joto. Ambacho hata yeye hawezi kukijua bila vioo ni yupi dume zee, ambaye pembe zake zimekutana juu ya paji na kuwa mfupa mtupu, na yupi kijana ambaye hapo katikati bado pana laini na manyoya. Tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukikosea umeua dume ambaye wakati wake ulikuwa bado.

Kwa hiyo darubini inapanda na kushuka mara nyingi ajabu. Hatua tano, simama, inua, tazama, shusha. Hatua kumi, simama, inua. Mara nyingi huoni chochote, na ni lazima uendelee kuinua.

Sasa, ushauri mwingi unaozunguka kuhusu mikanda hii umetoka kwa wawindaji wa milima ya magharibi ya Marekani. Kule mtu anapanda kilimani kabla ya jua, anakaa, anachambua mteremko wa upande wa pili kwa saa nzima na zaidi akitafuta elk, mnyama mkubwa wa kule. Darubini yake ikishapanda machoni inakaa huko, na wengine huifunga kabisa juu ya stendi ya miguu mitatu. Kwa mtu huyo, mfuko mgumu wa kifuani ni kama umeumbwa kwa ajili yake, maana muda mwingine wote anachotaka ni darubini isiumie wakati anapanda mlima.

Kwetu darubini inaishi safarini, kati ya kifua na macho.

Hilo lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu mfuko ulikuwa mzuri na ulikuwa wa bure.

## Nisiudhulumu mfuko

Mfuko wa kifuani una mema yake, na kuna siku niliupenda sana.

Moto ukishapita porini, kila jani unaloligusa linakuachia masizi. Yanaingia kwenye kucha, masikioni, na kwenye vioo. Vumbi lenyewe lina chembe za mchanga, na ukikifuta kioo kwa upindo wa shati kabla ya kupuliza, unakikwaruza. Darubini iliyo ndani ya mfuko inakwepa yote hayo. Ukikimbia haichezi. Kuna vifuko vya pembeni vya kitambaa cha kufutia, kalamu, kipimo cha umbali. Nyuma ya gari la kuwindia, pale juu kwenye viti, ambako kila tuta linakurusha, mfuko hauna mpinzani.

Lakini tukishuka garini na kushika nyayo, mambo yanageuka.

Sauti nimeshaisema. Zipu nayo ina mlio wake, mwembamba na mrefu. Kuna mifuko ya bei kubwa zaidi inayofungwa kwa sumaku. Hiyo ni kimya kweli. Ila sumaku iliyo kifuani inaivuta sindano ya dira ukiishika karibu, na wageni wetu wengi ni watu wazima sana: mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hatakiwi kukaa na sumaku juu ya kifua. Kabla ya kumsifia mgeni mfuko kama huo, muulize kwanza habari za moyo wake.

Jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote ni miguu. Mfuko wenye darubini ndani unatokeza mbele ya kifua, na ukitazama chini huoni pale unapokanyaga. Unaona kifuniko. Anayetembea kwenye njia pana haimsumbui. Anayefuata nyayo anachagua mahali pa kuweka kisigino kati ya jani kavu na kijiti kikavu, hatua baada ya hatua. Nilijikuta nainamisha kichwa zaidi na zaidi ili nione juu ya ule ukingo, na jioni shingo ikauma palepale ilipokuwa ikiuma zamani.

Nilicheka. Nilikuwa nimebeba sponji na plastiki yote ile kuiokoa shingo.

Halafu kuna kutambaa. Nyati wakiwa wamelala kivulini na hakuna kichuguu cha kujificha, unalala kifudifudi na kujivuta kwa viwiko. Mfuko unakuwa jiwe chini ya kifua chako. Unakuinua kiasi cha kiganja kutoka ardhini, na majani mafupi yaliyobaki baada ya moto hayakufichi tena. Ukiuzungusha mgongoni, mikanda yenyewe inakaba makwapa. Oktoba, joto likipanda, sehemu yote iliyo chini ya mfuko inakuwa dimbwi la jasho, na chumvi yake inaacha ramani nyeupe kwenye shati.

## Rangi, mbung'o na jeshi

Hili ni fupi lakini usilidharau.

Mikanda mingi inauzwa kwa rangi mbili: nyeusi, au mabaka ya kujifichia. Nyeusi inawavuta mbung'o. Vile vitambaa vilivyotiwa dawa vinavyoning'inizwa kwenye maeneo yenye mbung'o ni vya bluu na nyeusi kwa sababu hiyohiyo: ndizo rangi mbung'o wanazozifuata. Ukivaa mkanda mpana mweusi mgongoni umewatandikia mkeka, na wewe mwenyewe huwezi kujikuna hapo katikati ya mabega.

Mabaka nayo, hapa Tanzania, ni kujitafutia maelezo. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na Agosti 2023 JWTZ ilitangaza tena kwamba wenye nayo wayasalimishe. Mgeni anaweza kuelezwa kwa upole pale uwanja wa ndege. Wewe mwenyeji utasimamishwa njiani ukiwa na mikanda ya mabaka kifuani na bunduki kwenye gari. Uanze kueleza kwamba ni ya darubini.

Kaki iliyopauka, au kijani kimoja kisicho na michoro. Basi.

## Bega la bunduki

Mimi ni msaidizi wa mwindaji bingwa, kwa hiyo nabeba bunduki, ya risasi za saizi ya .375. Kitako chake kinakaa kwenye kile kishimo kati ya bega na kifua, upande wa kulia. Na ni hapohapo ambapo watengenezaji wengi wa mikanda huweka kile kipande cha plastiki cha kurekebishia urefu.

Ijaribu ukiwa kambini. Toa risasi zote, kagua chemba, mwenzako naye aikague, kisha vaa mikanda juu ya shati unalowindia na ulete bunduki begani kwa haraka, macho yamefumba. Kitako kikitua juu ya plastiki badala ya nyama, kitateleza, na ukifyatua, plastiki itagongwa juu ya mfupa wako kwa nguvu yote ya kurudi nyuma. Sponji nene nayo si rafiki: inaongeza unene begani hadi jicho halikai sawa nyuma ya kilengeo cha bunduki, na ukiitundika bunduki begani wakati wa kutembea, mkanda wake unateleza kila mara.

Kuhusu begi la mgongoni, kanuni ni moja tu: mikanda ya darubini kwanza, begi juu yake. Ukigeuza, siku unayotaka kulitua begi haraka utakuwa umefungwa kama kifurushi.

## Mkono unaotafuta

Ulifika wakati nikauweka ule mfuko kando na kurudia mkanda wa shingoni. Nilijiambia huenda yote haya ni anasa. Mzee wetu, Mkimbu wa hukuhuku, alianza kazi hii kabla mimi sijazaliwa, na hajawahi kumiliki darubini. Akiihitaji ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mimi namwekea kiganjani. Kama yeye anawaona wanyama hivyo, mimi na sponji zangu ni nani?

Jioni moja, tukiota moto, nikamuuliza.

"Mzee, katika hii mikanda yote, wewe ungechukua ipi?"

"Mimi? Sichukui yoyote."

"Kwa mimi, basi."

Akafikiri. Mzee hana haraka ya kujibu, hata ukimuuliza chai ipo au haipo.

"Mwanangu, mimi sina neno na mikanda yako. Nina neno na mkono wako. Unatafuta. Nikisema simama, mkono unatafuta darubini, macho nayo yanashuka kuusaidia. Macho yakishuka, mnyama anatazamwa na nani?"

Kisha akaongeza, kama anayekumbuka: "Na mimi nikiitaka, nipe. Usinilaze kifuani kwako."

Mpishi aliangua kicheko, kwa sababu alikuwa ameshawahi kuona. Mfuko ule ulikuwa na vikamba vifupi vya kuizuia darubini isidondoke, navyo havikuwa vyepesi kufungua. Mzee alipoitaka, ilimbidi asogeze uso hadi kifuani kwangu na kuchungulia, sote wawili tumejikunja, huku mgeni akitutazama asijue kama ni mila ya huku.

Usiku ule ndipo nilipoona nimekuwa nikiuliza swali nusu. Nilikuwa natafuta starehe ya mwili wangu. Lakini kundi la watu wanaofuata nyayo lina darubini ambayo si ya mtu mmoja. Inapita mkono hadi mkono, na mikanda iliyomfaa mvaaji peke yake inawachelewesha wengine wote.

Tukaanza mchezo. Nafumba macho, Mzee anasema "haya!", mimi nainua. Kwa mkanda wa shingoni, mkono ulitafuta kila mara, maana darubini ilikuwa kulia au kushoto, kamwe si pale nilipoiacha. Kwa mfuko, mkono uliufikia mfuko mara moja, halafu ukaanza kutafuta kifuniko. Bosi, yaani mwindaji bingwa mwenyewe, akatoka hemani kwake na mikanda yake ya zamani: minne myembamba, inayokutana mgongoni kwenye kipande cha ngozi, miwili inapita juu ya mabega na miwili chini ya makwapa, yote inaishia kwenye masikio ya darubini, vile vitundu vya pembeni vya kufungia mkanda. Hakuna mfuko. Lastiki yake ilikuwa imelegea na kuwa uzi tu, kwa jua na jasho la misimu mingi. Hata hivyo, nilipofumba macho, mkono ulitua juu ya darubini. Nikarudia. Ukatua tena.

Mikanda miwili inaivuta juu, miwili inaivuta kwa pembeni, kwa hiyo inabaki palepale.

"Ndiyo hiyo," Mzee akasema, akaenda kulala.

## Fundi wa Itigi

Gari lilipokwenda Itigi kuchukua mahitaji, nikapanda na kipande cha mkanda wa kiti cha Land Cruiser iliyokufa nyuma ya gereji ya kambi. Mkanda wa kiti ni mwembamba kwa unene, haupigi kelele, haukatiki, na huu ulikuwa umepauka hadi rangi ya vumbi. Tatizo lake ni upana.

Fundi viatu aliutandaza juu ya goti akausoma kwa dole gumba.

"Hii ya mbuzi au ya mtu?"

Nikamchorea kwenye boksi la viatu. Akaukata kwa urefu, pande mbili sawa, kisha akapitisha ukingo uliokatwa juu ya moto wa kiberiti cha gesi, haraka, nyuzi zikayeyuka na kushikana zisifumuke. Harufu ya plastiki ikajaa kibanda. Kisha akaukunja ule ukingo mgumu kwa ndani na kuushona, ili usinikwaruze shingo. Hilo la kukunja sikumwambia mimi.

Nilikuwa na wazo la kutumia mpira wa ndani wa baiskeli mahali pa kuvutika. Huku kwetu mpira huo unafunga kila kitu duniani. Akakataa. Mpira ukilowa jasho unashika ngozi, ukipigwa jua unapasuka, na ni mweusi. Ya mbung'o nikayakumbuka mwenyewe. Akatoa lastiki pana ya kiunoni. Nikataka mikanda yote iwe ya lastiki, akakataa tena.

"Ikiwa yote inavutika, itadunda. Weka kidogo."

Alikuwa sahihi. Aliweka lastiki mbele tu, vipande vya upana wa vidole vinne, karibu na darubini. Vinatosha kuipandisha machoni bila kukuvuta mabega, lakini ukitembea hairukiruki. Mgongoni akashona kipande cha ngozi ya mkoba wa zamani, cha mviringo, kinachokaa kati ya mabega, chini ya ule mfupa wa shingo unaotokeza. Virekebishaji vya urefu tukavipeleka nyuma, kwenye mbavu, mbali kabisa na bega la bunduki. Kwenye masikio ya darubini tukaweka klipu mbili za begi. Ukizibana ndani ya kiganja kilichofumbwa mlio wake unaishia humo humo. Bana, bana, nayo imo mkononi mwa Mzee.

Kuipima kulichukua muda zaidi ya kuishona. Darubini ilikaa kwanza karibu na tumbo, nikipiga magoti inagonga paja. Tukaipandisha hadi mwisho wa mfupa wa kifua. Hapo ukitazama chini unaona vidole vya miguu yako, na ukiinua mikono viwiko vinakaa karibu na mbavu, jambo linalosaidia kwa kioo cha mara 10, ambacho kinaonyesha kila mtetemo wa mkono. Nililala kifudifudi pale pale nje ya kibanda, mbele ya akina mama waliokuwa wakiuza nyanya, nikatambaa. Ukilala hivyo unaisukuma tu pembeni ya ubavu, lastiki inaruhusu. Watoto walifurahi sana.

## Ambayo bado hayajakaa sawa

Nimeshaivaa kwenye safari za nyati na za pofu, na shingo imenyamaza. Mwingine asinielewe kwamba nimeumaliza mjadala. Masizi yanaingia kwenye vioo kuliko zamani, kwa hiyo natembea na brashi laini mfukoni na kupuliza kabla ya kufuta. Juu ya gari bado nauvaa ule mfuko wa mgeni, kisha tukishuka kushika nyayo nauacha kwenye kiti.

Mama mmoja mgeni aliomba kuijaribu mikanda ya fundi. Mfuko wake mwenyewe ulikuwa haulali kifuani. Ulisimama mbali na mwili na kucheza kila hatua. Kwa mikanda minne aliishusha ile ngozi ya mgongoni kidogo na kulegeza ya makwapani, akatembea nayo hadi mchana bila neno. Dereva wetu, ambaye ana kifua cha mapipa mawili, hakuweza hata kuifunga. Kwa hiyo ukinunua ya dukani, uliza urefu wa mwisho inapofikia, na ijaribu ukiwa na mavazi ya kazi. Kama darubini yako ni ya zamani, ile yenye mabega mapana na vioo vya mbele vilivyoachana, usinunue mfuko kabla hujaitumbukiza; mingi imekatwa kwa darubini nyembamba za kisasa. Muuzaji akikukataza kutambaa kwenye sakafu yake, tafuta mwingine.

Anayewinda kwa kukaa, kwa kusubiri juu ya mwamba au kando ya mbuga, asinisikilize sana: mfuko utamfaa, mradi kifungo chake kiwe kimya. Ushauri wangu ni kwa wanaotembea.

Kinachonisumbua sasa ni mvua. Mwishoni mwa Novemba zikianza kunyesha, darubini iliyo wazi kifuani itakuwa inalowa kutwa, na hata iliyotengenezwa kuvumilia maji, matone kwenye vioo vya nyuma yanakupofusha. Fundi anasema atashona kifuniko cha turubai, kipana kiasi cha kiganja, kitakachoning'inia kwenye mkanda wa kushoto na kulalia vioo. Anataka shilingi elfu nane. Nimemwambia tano, kwa sababu turubai nampelekea mimi. Bado tunabishana kwa simu.